Mtungi Usiohamishika

Wakili alivua miwani, akaifuta kwa tai,
akaivaa tena. Karatasi ilikuwa moja tu,
ya daftari la shule, yenye mistari ya buluu,
na mwandiko wa mama umeinamia kulia
kama mtu apandaye kilima na gunia.

Guramu, nyumba. Pamoja na paa, na deni la paa.
Lamara (ndiye mimi) mizabibu, safu kumi na nne,
na mkasi wa kupogolea, "ule wenye kamba nyekundu,
si ule mpya; ule mpya haukati."
Pelagia wa kanisani, kuku, kama watakuwepo.
Tukacheka. Kuku hawakuwepo.

Kisha wakili akakohoa.
"Mtungi mkubwa uliozikwa ghalani
mwaka aliozaliwa baba yangu,
namwachia Shalva, jirani."

Shalva!
Miaka kumi na mmoja bila hata salamu.
Kisa, tawi la mjozi lililovuka ukuta.
Yeye alilikata, na mama akalililia lile tawi
kuliko alivyomlilia mumewe;
ndivyo watu walivyosema, na watu huongeza chumvi.

Kaka akasimama, kiti kikaanguka.
"Mtungi umo ardhini! Umo ndani ya nyumba yangu!
Atauchukuaje? Avunje sakafu?"
Wakili akajibu polepole:
"Haikuandikwa auchukue.
Imeandikwa ni wake."

Miaka tisa nimefanya kazi Bari, Italia,
nikiwalisha supu wazee wa watu.
Nimeona wosia wa kila namna:
wa bwana aliyemwachia paka ghorofa nzima,
wa bibi aliyebadili jina la mrithi kila Jumapili
kulingana na nani kaja na keki.
Nikadhani nimeelewa: wosia ni fimbo,
mwenye nayo huinua akiwa hai,
na pigo hutua keshazikwa.

Lakini neno lenyewe lina mikono miwili.
Mmoja hugawa vitu.
Wa pili hukushika sikio, taratibu,
ukakuvuta karibu na mdomo.
Sisi tulikuwa tunautazama ule wa kwanza.

Oktoba ikafika Kakheti, haikuuliza kama tumepatana.
Nikavuna. Zabibu bila mtungi ni karamu ya nyigu.
Mtungi bila zabibu ni shimo.
Na nyumba bila vyote viwili, deni la paa.
Hapo nikakumbuka jinsi mama alivyotunga jozi kwenye uzi,
sindano ikipita katikati ya kila kokwa,
na hakuna kokwa iliyoulizwa.

Shalva alikuja saa kumi na mbili asubuhi
na brashi ya magome ya mcheri.
Hakubisha hodi. Alisimama langoni.
Guramu alimwacha pale mpaka chai ikapoa,
kisha akafungua, akitazama kwingine.

Tumbo la mzee halikupita shingo ya mtungi.
Akamshusha mjukuu wake, Tatia, wa miaka minane,
akamwamuru ahesabu kwa sauti akisugua,
tujue kwamba bado anapumua.
Moja. Mbili. Udongo ukaipokea sauti, ukaikuza.
Thelathini na tisa. Arobaini.
Arobaini na moja.
Kisha kimya.

Wanaume wawili wakainama kwa pamoja,
vichwa vikagongana: ko!
"Tatia!"
Kutoka chini: "Nimesahau inayofuata."
"Arobaini na mbili!" wakapiga kelele wote wawili.

Hawakukumbatiana, msidhani.
Guramu alisugua paji la uso, akaulizia bei ya mabati.
Shalva alisema anamjua fundi. Ghali, lakini anamjua.

Desemba nimerudi Bari.
Usiku, mgonjwa wangu akilala,
nafungua daftari lenye mistari ya buluu.
Nimeandika: mkasi, ule wenye kamba nyekundu.
Nimekwama kwenye jina.
Napitia wote ninaowapenda, halafu
namwacha kalamu amtafute
yule nisiyesalimiana naye.